Siku Ngamia Alipoitwa Redioni

Mhariri wa Nairobi alikuwa na salamu moja tu aliponipigia simu. Hakuuliza habari za asubuhi, hakuuliza mvua wala watoto. Alisema, "Wangapi?"

Nami nilimjibu. Wawili. Watano. Hakuna, alhamdulillahi, wamejeruhiwa tu. Nikikosa idadi ya kumpa alinitakia kazi njema kwa upole, akakata simu, na sikumsikia tena mpaka jambo jingine liharibike upande wetu wa nchi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dakika chache za taarifa ya habari na nchi nzima ya kuingiza humo, na kwake Garissa ilikuwa mahali pa ukame, mafuriko na milipuko.

Kazi yangu hasa ilikuwa redio. Kila asubuhi, tangu saa tatu hadi adhuhuri, nilikaa katika chumba kidogo juu ya duka la mabati katikati ya mji, kuta zake zimebandikwa magodoro ili sauti isivume. Mtangazaji nilikuwa mimi, fundi wa mitambo nilikuwa mimi. Nilitangaza kwa Kisomali, kisha habari za kila saa nikazirudia kwa Kiswahili kwa ajili ya walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara waliokuja kwetu kutoka sehemu nyingine za Kenya. Mchana, redio ikishaniachilia, niligeuka kuwa mwandishi wa mashinani wa runinga moja ya Nairobi. Nilipiga picha, nikaandika maelezo, nikatuma. Jioni, kwenye taarifa ya saa moja, picha zangu zilitokea na maneno yangu yakasomwa, ila sauti haikuwa yangu. Mtu wa Nairobi aliyasoma, sauti yake imenyooka kama barabara ya lami.

Sababu ilikuwa ulimi wangu. Sisi tuliokua na Kisomali mdomoni, P hutuponyoka ikawa B, na V ikawa F. Siku ya kujaribiwa niliambiwa nisome sentensi moja: polisi walifika kwa pikipiki. Nikasema bolisi walifika kwa bikibiki. Msichana aliyekuwa akinirekodi aliinama chini ya meza akajifanya ameangusha kalamu. Aliponiuliza kwa sasa nafanya kazi wapi, nikamjibu kwa fahari, "Katika fyombo fya habari." Hakurudi juu ya meza kwa muda. Kwenye redio yetu hakuna aliyejali. Watu wa Garissa walinielewa, na hata wale askari kutoka mbali walishazoea. Nairobi hawakuzoea.

Mji wetu ulikuwa na njia zake za kupata habari. Magazeti yalifika na basi la asubuhi, mara nyingi jua likiwa limeshapanda, na katika hoteli ya chai karibu na soko nakala moja iligawanywa kurasa kwa kurasa: mwalimu mstaafu alichukua ya siasa, mwuza nguo akachukua ya mpira, na mzee mmoja ambaye hakujua kusoma alishika ukurasa wa matangazo ya kazi kwa sababu, alisema, picha zake ni chache na haumchoshi macho. Runinga ya hoteli ilinguruma juu ya vichwa vyao siku nzima na hakuna aliyeitazama isipokuwa saa za mechi. Vijana walikuwa na simu, na simu zilikuwa na kila kitu, cha kweli na cha uongo, mara nyingi cha uongo kwanza. Lakini mtu akipotelewa na mnyama, hakwenda gazetini wala mitandaoni. Alikuja redioni.

Hicho ndicho kilikuwa kipindi changu nilichokipenda, matangazo ya mifugo iliyopotea, saa nne na nusu. Watu walituma karatasi au walipiga simu: mbuzi mweusi mwenye sikio lililopasuliwa, punda jike aliyetoroka na kamba, ng'ombe watatu walioonekana mara ya mwisho wakielekea mtoni. Nilisoma chapa, rangi, mahali, na jina la ukoo. Wafugaji waliokuwa porini na redio zao ndogo walisikiliza kwa makini, maana kesho ingekuwa zamu yao.

Jumanne moja, nikiwa bado natafuta karatasi zangu, mlango wa studio ulisukumwa bila kubishwa. Aliingia nyanya mmoja mwembamba, mrefu, amejifunga shuka la rangi ya machungwa, viatu vyake mkononi. Alikuwa amesafiri kwa lori kutoka Sangailu, huko Ijara, siku nzima na sehemu ya siku iliyofuata, kwa sababu lori lilikwama mara mbili kwenye mchanga.

"Ayeeyo," aliniambia, maana kwetu nyanya humwita mjukuu kwa jina lile lile ambalo mjukuu humwita yeye, "ngamia wangu amepotea. Leo siku ya kumi."

Nilimkalisha, nikamletea maji, nikachukua kalamu. Rangi? Mweupe kama maziwa yaliyoingia moshi. Chapa? Shingoni, upande wa kushoto. Aliniambia kwamba kule kwao wengi hufuga ng'ombe, na kwamba yeye alikuwa na ngamia wachache tu aliowarithi kwa mumewe. Huyu ndiye aliyekuwa akitoa maziwa, na alikuwa ameacha ndama mdogo.

"Nitaisoma sasa hivi," nilisema. "Nitairudia saa sita."

"Utasoma nini?"

"Haya uliyoniambia. Rangi, chapa, mahali."

Alinitazama kwa huruma. "Ayeeyo, ukisoma hivyo watasikia watu. Mimi nataka asikie ngamia."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mtu wa mji, kwamba ngamia huyo alizaliwa mikononi mwake, hajawahi kukamuliwa na mtu mwingine, na kila jioni humwita kwa wimbo wake. Akiusikia, hata akiwa mbali kiasi gani, hugeuza kichwa. Tatizo ni kwamba sauti ya mtu haifiki mbali, na yeye ameambiwa kwamba katika chumba hiki kuna chombo kinachoipeleka sauti hadi Tana River na ng'ambo yake.

"Kwa hiyo nipe hicho chombo," alimalizia, "nimwite."

Kituo chetu kilikuwa na sheria, na mwenye sheria alikuwa mkurugenzi. Alikuwa mtu wa heshima, suti yake moja ya kijivu haikuwahi kuwa na mkunjo, na alikuwa ameandika sheria kumi na mbili akazibandika mlangoni. Ya tano ilisema asiyekuwa mfanyakazi wala mgeni aliyealikwa haruhusiwi kugusa maikrofoni. Nikatoka nikaenda ofisini kwake.

"Aimbe?" aliuliza. "Kwa ngamia?"

"Ndiyo."

"Tuna leseni ya kutangazia watu."

"Ngamia halipi leseni, mkurugenzi, anasikiliza tu."

Hakucheka. Alisema hapana, kituo kitachekwa mji mzima, tusome chapa na rangi kama kawaida. Nilirudi studio nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia yule nyanya. Nilimkuta amesogeza kiti mpaka mbele ya maikrofoni, amekaa wima, mikono magotini, anangoja kwa adabu kabisa. Saa ilikuwa nne na nusu. Taa nyekundu ikawaka.

Mpaka leo sijui nilifanya uamuzi gani. Najua tu kwamba nilisoma salamu, nikasoma tangazo la punda mmoja, kisha nikasema, "Na sasa tuna mgeni aliyealikwa kutoka Sangailu." Nilimwalika pale pale, hewani. Sheria ya tano haikusema mtu aalikwe lini.

Alianza chini, kama mtu anayesafisha koo. *Hoo. Hoo. Hoo.* Kisha sauti ikapanda. Nilikuwa nimesikia nyimbo za ngamia utotoni, tulipokwenda kwa nyanya yangu wakati wa likizo, lakini sikuwahi kuzisikia kwa vipokea sauti vya masikioni, zikiingia moja kwa moja kichwani bila upepo kati yetu. Alimwambia ngamia kwamba mtoto wake anakataa majani. Alimwambia kwamba chombo cha kukamulia kimekauka na kinanuka vumbi. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe halali, kwa sababu amezoea kulala akimsikia akicheua nje ya kibanda, na ukimya umekuwa mkubwa mno. Kisha akamlaumu kidogo. Alimuuliza nani aliyemtoa miba mguuni mwaka ule wa kiangazi. Kisha akambembeleza tena.

Mkurugenzi alitokea kwenye kioo cha studio. Nilimwona akiinua mkono kugonga. Mkono ukabaki hewani. Akaushusha, akasimama hapo hapo na suti yake, na baada ya muda nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anaitikia *hoo*.

Alipomaliza, yule nyanya alisimama, akavaa viatu, akauliza choo kiko wapi.

Simu ya studio ililia kabla sijasema neno. Wa kwanza alikuwa dereva aliyesimamisha gari lake kando ya barabara kusikiliza. Wa pili alitaka wimbo urudiwe. Wa tatu alipiga kutoka Lafey, kule Mandera karibu na mpaka, ambako mawimbi yetu hayafiki hata kidogo. Alikuwa akitusikiliza kwa simu kupitia intaneti. "Walaal, ndugu yangu, ngamia sina," alisema, "lakini mama yangu amekaa hapa analia kwa raha. Tafadhali mwambieni huyo mama aimbe tena." Walipiga wengi. Wa ngamia hakuna. Nilisoma chapa na rangi kama kawaida, nikafunga kipindi, na yule nyanya nikamchukua nyumbani kwetu.

Mama yangu alimpokea kama dada aliyepotea. Waligundua katika dakika chache kwamba walikuwa na mjomba mmoja wa mbali, na tangu hapo nikawa mtu wa kuchemsha chai tu.

Siku ya pili yake, nikiwa hewani, simu ililia. Mwanaume, sauti nzito, upepo mwingi.

"Niko Bura, kwenye kilima, hapa ndipo penye mtandao," alisema. "Huyo mama wa jana yuko?"

"Yuko nyumbani. Kuna nini?"

"Mwambie aje amchukue huyu mwanamke wake. Anataka kula redio yangu."

Aliyasema hayo hewani, mji mzima ukisikia. Nilimwomba aeleze pole pole. Alisema ngamia mgeni alijiunga na kundi lake siku nane zilizopita, mweupe, chapa shingoni asiyoijua. Aliuliza msikitini, aliuliza kisimani, hakuna aliyemfahamu. Jana saa nne na nusu alikuwa akinywesha wanyama, redio ameitundika kwenye tawi la mgunga. Wimbo ulipoanza, ngamia wote waliendelea kunywa isipokuwa yule. Aliinua kichwa maji yakimtiririka mdomoni. Masikio yakasimama. Akaacha maji, akatembea mpaka kwenye mti, akaiwekea redio pua, akalia. Ulipokwisha akaizunguka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake. Mpaka jioni alikataa kuondoka chini ya ule mti, na asubuhi hii alimkuta hapo hapo.

"Sikupiga jana," alisema, "kwa sababu nilidhani nikisimulia nitaitwa mwongo. Mke wangu ndiye aliyenisukuma."

Mkurugenzi alitoa gari la kituo mwenyewe. Hakusema lolote kuhusu sheria. Tulikwenda Bura asubuhi iliyofuata, yeye akiendesha, yule nyanya mbele, mimi nyuma na kamera. Njiani mkurugenzi aliuliza mara tatu kama kamera ina chaji.

Mfugaji alitupokea barabarani akatuongoza kwa miguu. Tulipoukaribia ule mti, nyanya alituashiria tusimame. Akaenda mbele peke yake, hatua kama ishirini, akaita mara moja tu, chini chini, *hoo*. Ngamia alikuja. Hakuja mbio, ngamia wenye heshima zao hawakimbii. Alikuja kwa hatua ndefu, shingo mbele, akilalamika njia nzima kama mtu aliyengojeshwa. Akaweka kichwa chake juu ya bega la yule nyanya. Yeye akampiga kofi dogo shavuni, akamwambia jambo ambalo hatukulisikia, kisha akauficha kitambo uso wake katika ile shingo. Nilikuwa narekodi huku machozi yananiziba macho, na sehemu ya picha ile mpaka leo inayumba.

Nilipogeuka, mkurugenzi alikuwa ameweka mikono kichwani anacheka, na mfugaji anamwonyesha redio yake yenye alama ya meno kwenye kishikio.

Mchana ule ule, nikiwa bado Bura juu ya kile kilima cha mtandao, nilimpigia mhariri wa Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza kumpigia mimi.

"Wangapi?" alisema.

"Mmoja."

"Amekufa?"

"Amepatikana."

"Nani amepatikana?"

"Ngamia."

Nilimsimulia kwa haraka kabla hajanitakia kazi njema. Nilipofika kwenye redio iliyotaka kuliwa, nilisikia kitu nisichowahi kukisikia kwake. Alikuwa anacheka, na akawaita wenzake mezani, akaniambia nirudie tangu mwanzo. Mwishowe alisema, "Tuma. Tutatafuta mtu wa kuisoma."

"Nitaisoma mimi," nilisema.

"Dada, unajua mambo ya sauti."

"Hiyo habari imeanzia kwenye sauti ya mwanamke wa kwetu. Isomwe na mwanamke wa kwetu. Nikiharibu, tafuta mtu."

Alifikiri. "Nipe kesho saa nane. Nikielewa kila neno, nitaipitisha."

Jioni ile nyumbani nilikaa mkekani na karatasi nyembamba mbele ya midomo. Mwalimu wangu wa darasa la nne ndiye aliyetufundisha: ukisema P ya kweli karatasi hupepea, ukisema B hubaki imetulia. Nilisema *amepotea*. Karatasi ikatulia. Nilisema tena. Ikatulia. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, aliacha sinia akaja kutazama.

"Hiyo karatasi imefanya nini?"

Nilimweleza. Akainyakua akajaribu, "Botea! Botea!" mpaka mate yakaruka, kisha akapuliza kwa makusudi karatasi ikapaa, akasema, "Haya, imepepea." Tulicheka mpaka yule nyanya, aliyekuwa anaswali chumba cha pili, akamaliza na kuja kuuliza kuna nini, naye akapewa karatasi. Kwake peke yake ndiko ilikopepea mara ya kwanza. Alisema ni meno, hana ya mbele.

"Lakini kwa nini wanataka hiyo P?" mama aliuliza. "B ina ubaya gani?"

Nikaichukua karatasi tena. Nilirekodi asubuhi mara kumi na moja, nikatuma ya mwisho.

Saa moja jioni jirani zetu wote walikuwa sebuleni kwetu, na waliokosa nafasi walisimama dirishani. Zilipita habari za bungeni, za bei ya unga, za mechi. Nilianza kujiandaa kuwaomba radhi wageni. Kisha, mwisho kabisa, msomaji wa habari alitabasamu, jambo ambalo hulifanya mara chache, akasema, "Na huko Garissa..." Ukatokea ule mti. Ukatokea ule mkono mwembamba shavuni mwa ngamia. Na juu ya picha hizo nikasikia sauti nisiyoizoea kuisikia ikitoka pale, sauti yangu, ikisema kwamba ngamia aliyepotea siku kumi na mbili amepatikana Bura. P mbili zilipepea. Ya tatu, katika *alipoitwa*, ilitoka *aliboitwa*, safi kabisa, nchi nzima ikaisikia.

Sebule ililipuka. Mama alipiga kigelegele nikashindwa kusikia mwisho wake. Yule nyanya, aliyejiona kwa mara ya kwanza kwenye runinga, hakushangazwa na sura yake hata kidogo; alikasirika tu kwamba wamemwonyesha ngamia kwa upande ambao si mzuri.

Kesho yake sokoni watoto walinifuata wakiita "Aliboitwa! Aliboitwa!" na mwuza nguo akanipa kitambaa cha bure. Mhariri alinipigia akisema watazamaji wameomba nyingine kama hiyo, na kama nina habari yoyote ya wiki ijayo. Nilimwambia kuna wanawake wanaovuna matikiti maji kando ya mto na hugombana kila mwaka nani ana kubwa zaidi. "Isome wewe," alisema. Tangu siku hiyo habari zangu nazisoma mimi.

Ngamia alirudi Sangailu kwa miguu na mpwa wa yule nyanya, polepole, wakipumzika mchana. Mkurugenzi naye alibandua sheria ya tano akaiandika upya: Jumanne, mwenye mnyama anaweza kumwita mwenyewe. Walikuja wengi. Punda mmoja alipatikana. Mwanaume mmoja aliwaimbia mbuzi wake dakika nne nzima kwa uchungu mkubwa, na mbuzi hawakujali, lakini alipata mchumba miongoni mwa waliomsikiliza.

Mwezi uliofuata lori la Sangailu lilisimama mbele ya duka la mabati na dereva akapanda ngazi na dumu la maziwa ya ngamia, limefukizwa moshi vizuri, zawadi kwa studio. Mkurugenzi alisema sheria ya saba inakataza vinywaji karibu na mitambo. Kisha akatoa kikombe kwenye droo yake, akanyoosha mkono, na mimi nikammiminia.